Posho ya Vinywa Vitatu

Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi wa shule ya wakunga pale Kasongo walipanga mstari mbele ya dirisha la stoo. Kila mmoja alishika kikapu chake. Ndani ya stoo alikaa Placide, karani wa shule, na daftari lake na kopo kubwa la kupimia. Alisoma jina, akamimina, kisha akaita, "Mwingine!"

Hiyo ndiyo iliyoitwa posho ya masomo. Ilikuwa mchele, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu na kipande cha sabuni. Mwanafunzi anayeshinda darasani hawezi kushinda shambani. Kwa hiyo alipewa chakula cha juma zima ili apate kusoma.

Mwaka ulikuwa 1957, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Wasichana wengi katika mstari ule walikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Feza alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa mjane kutoka Wamaza, upande wa Kabambare. Kwa miaka sita alimchotea maji mkunga wa kule, akamshikia taa, akajifunza kwa macho. Mwishowe akafanya mtihani wa kuingia shule, akafaulu.

"Bibi, umechoka kusimama?" msichana mmoja alimtania. "Tukuletee kiti?"

"Leteni," Feza alijibu. "Na mkimaliza, mnifulie nguo."

Wakacheka wote. Feza hakuogopa utani. Aliogopa kitu kingine. Placide alimmiminia kipimo kimoja, akaita, "Mwingine!" Kipimo kimoja ni chakula cha mtu mmoja. Nyumbani kwa Feza kulikuwa na vinywa vitatu.

Wasichana walilala bwenini. Feza alipanga chumba mjini, nyuma ya nyumba ya mzee Amuri, fundi cherehani. Aliishi pale na watoto wake: Pascaline, miaka tisa, na Marcellin, miaka mitano. Feza alipokuwa darasani, Mama Aziza, mke wa Amuri, alimwangalia Marcellin.

Jioni Feza aligawa wali katika sahani mbili.

"Na wewe, mama?" Pascaline aliuliza.

"Mimi nilikula shuleni."

Pascaline alimtazama. Alijua shuleni hawapiki.

Jumanne moja Feza alikuwa wodini, ameshika beseni la maji ya moto. Ghafla dirisha moja likawa madirisha mawili. Beseni likaanguka. Feza naye akaanguka.

Masera, mtawa aliyeongoza shule, alimwita ofisini.

"Louise," alisema, kwa kuwa hilo ndilo jina la ubatizo la Feza, "unakula?"

"Ninakula, Masera."

"Mkunga akianguka, mzazi yuko hatarini na mtoto yuko hatarini. Ukianguka tena, nitakurudisha kwenu. Sitapenda, lakini nitafanya."

Feza alikwenda moja kwa moja kwa Placide.

"Bwana karani, mimi nina watoto wawili. Mbona ninapata kipimo kimoja?"

Placide alifungua faili. "Hapa imeandikwa: watoto, hakuna."

"Nani ameandika hivyo?"

"Mimi. Nilisoma buku yako ya utambulisho. Haina mutoto hata mmoja. Mimi ninaandika kilichoko katika buku, mama, siandiki uso wa mutu." Akafunga faili. "Tena posho ni wema wa serikali. Anayepewa haulizi."

Feza alitoka. Alijua kwa nini buku yake ilikuwa tupu. Mumewe alipofariki, shemeji yake Zéphirin wa Kabambare alikwenda ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Akawaandikisha watoto katika buku yake mwenyewe. Alisema ni kwa muda tu. Feza alitia sahihi bila kusoma. Siku za kilio, nani anasoma karatasi?

Juma lile lile Zéphirin alituma barua kwa mkono wa dereva wa lori. "Shemeji, nasikia unawashindisha watoto njaa kwa ajili ya shule. Warudishe kwangu mwisho wa muhula. Mwanamke mzima haendi shule na watoto wadogo."

Feza alisoma barua mara mbili. Kisha akaketi barazani kwa Amuri, akalia bila sauti.

Amuri alisimamisha cherehani. Kabla ya kushona nguo alikuwa karani wa teritwari miaka kumi na minane. Alizijua karatasi za serikali kama alivyozijua sindano zake.

"Mama Pascaline, karatasi ya posho uliyotia sahihi ulipoingia shule iko wapi?"

"Iko kwa Placide."

"Na nakala yako?"

"Sikuomba."

"Basi kosa la kwanza ni hilo. Kesho iombe."

"Akikataa?"

"Usiondoke."

Kesho yake Placide alikataa. Feza hakuondoka. Alisimama dirishani wakati wote wa mapumziko ya mchana, amekunja mikono. Placide alipanga makopo. Akapangua. Akapanga tena.

"Mama, unanifungia hewa," alisema mwishowe, akampa nakala.

Mbele ya karatasi palikuwa na majina. Nyuma palikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa. Amuri alivaa miwani yake, akasoma, akatafsiri polepole.

"Sikiliza. 'Mwanafunzi mwenye watoto anaowalea mwenyewe atapewa kipimo kwa kila mtoto. Habari zake zikiwa zimeandikwa vibaya, au zikibadilika, ataleta hati ya ofisi ya teritwari anakotoka, kabla ya muhula mpya.' Umesikia? Wamesema 'anaowalea'. Hawakusema walioandikwa katika buku yake."

"Maneno hayo yalikuwa hapo siku zote?"

"Siku zote. Nyuma ya karatasi. Watu hawageuzi."

Feza aliichukua karatasi, akaigeuza. "Lakini baba, kule kwetu wanasema posho ni deni. Wanasema ukimaliza shule watakukamata uilipe."

"Si deni. Si sadaka pia. Placide akikuambia ni wema, unainamisha kichwa. Jirani akikuambia ni deni, unakimbia. Wote wawili wanakufunga mdomo." Amuri alichukua utepe wake wa kupimia, akauvuta mbele ya macho ya Feza. "Mimi nikishona nguo, nampima mutu. Sipimi picha yake ya zamani. Posho nayo inapimwa kwa hali ya mwanafunzi ya leo. Una watoto wawili, useme wawili. Usiseme watano, maana ukidanganya watakufukuza. Ukiacha masomo, posho inakoma. Ukiendelea, ni haki yako. Basi, hakuna uchawi."

"Ni haki yangu," Feza alisema, kama mtu anayeonja chakula kipya. Akafuta uso. "Basi nitakwenda Kabambare."

"Utahitaji shahidi anayewaona watoto wakila kwako kila siku."

Kutoka ndani sauti ya Mama Aziza ilisikika: "Shahidi anapika ndizi! Akimaliza anakuja!"

Likizo ilipofika walipanda lori la mchele: Feza, watoto, na Mama Aziza na mto wake wa kukalia. Barabara iliwarusha kama maharage katika ungo. Siku ya pili walishuka Kabambare, vumbi hadi kwenye nyusi.

Asubuhi ofisi ya teritwari ilijaa watu. Karani mmoja mnene alikaa nyuma ya meza. Habari husafiri upesi Kabambare. Kabla Feza hajaketi, Zéphirin aliingia amevaa kofia yake ya Jumapili.

"Vizuri sana," alisema kwa sauti. "Umenirudishia watoto."

"Hapana, shemeji. Nimekuja kuchukua hati kwamba ninawalea mimi."

"Watoto ni wa kaka yangu. Wa kaka yangu ni wangu."

Karani alifungua buku ya Zéphirin. "Hapa iko watoto wanne. Wawili wa kwako, wawili wa marehemu. Wote wanakaa kwako?"

"Hawa wawili wako kwa mama yao kwa muda."

"Muda gani?"

"Muda kidogo."

"Mwaka mzima, bwana karani," alisema Mama Aziza. "Huyu mdogo alikuja amebebwa mgongoni. Sasa anawakimbiza kuku wangu hadi wanakataa kutaga."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Zéphirin alivua kofia, akaivaa tena.

"Hata leo ninaweza kuwachukua," alisema. "Mke wangu ametwanga karanga. Ngoja Marcellin ale ashibe, apate nguvu za ukoo wake!"

"Baba mdogo!" Pascaline alipiga kelele. "Marcellin hali karanga! Akila, koo linavimba, hapumui!"

Karani aliweka kalamu chini. Zéphirin alimtazama mtoto, kisha akamtazama Feza.

"Sikujua," alisema kwa sauti ndogo.

"Hukujua," Feza alisema. Alisimama. "Mimi ninajua. Ninajua anachokula na kisichomfaa. Ninajua Pascaline anaogopa radi. Mwanafunzi wa shule ya wakunga hapati posho kwa kuwa ni mzuri. Anaipata kwa kuwa anasoma na ana vinywa vya kulisha. Wewe umeandikiwa vinywa usivyovilisha. Kwa nini, shemeji? Sema mbele ya watu."

Zéphirin alivua kofia tena. Kila mwanaume pale alijua kwamba baba wa watoto wanne alisamehewa kodi.

"Kwa hiyo unataka nilipe kodi?" alisema mwishowe, na hapo akawa ameisema mwenyewe.

"Aaa!" watu walicheka. "Kumbe dawa ya kodi!"

"Nataka ulipe kodi yako kama wanaume wenzako," Feza alisema. "Siwatoi watoto katika ukoo wako. Watakuja kukusalimu. Watakuzika. Ninawatoa katika kodi yako tu."

Karani aliandika: watoto wawili, wanalelewa na mama yao, mwanafunzi Kasongo. Mama Aziza alitia kidole gumba. Karani alipeleka karatasi ndani kwa ofisa Mbelgiji aliyekuwa zamuni. Ikarudi na sahihi na muhuri wa zambarau. Safari hii Feza alisoma kila neno kabla ya kutia sahihi. Karani alikohoa. Watu walisubiri. Yeye akaendelea kusoma.

Kisha akasema, "Naomba nakala."

Nje, Zéphirin aliwafuata hadi kwenye lori. Alisimama mbele ya Marcellin, hajui aanzie wapi.

"Koo lote linavimba?" aliuliza.

"Lote," Marcellin alijibu kwa fahari.

Zéphirin alitikisa kichwa. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikwenda sokoni, akarudi na mkungu wa ndizi begani, akaupakia mwenyewe.

"Ndani yake hamna karanga," alisema.

Muhula mpya ulipoanza, Feza alimpelekea Placide hati siku ya kwanza asubuhi. Placide aliigeuza mbele na nyuma. Aliukwaruza muhuri kwa ukucha.

"Nitamwonyesha Masera," alisema.

"Mwonyeshe. Mimi nina nakala."

Jumamosi mstari ulipangwa kama kawaida. Wasichana walitania kama kawaida. Feza alifika dirishani, akaweka kikapu chake. Placide alisoma jina, akamimina kipimo kimoja.

"Mwi..." alianza.

Kikapu hakikuondoka.

"Bado," Feza alisema.

Placide alimtazama. Akatazama daftari. Akamimina kipimo cha pili.

"Bado."

Akamimina cha tatu. Kikapu kikawa kizito hadi kishikio kikalia. Nyuma msichana mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Jioni ile sahani zilikuwa tatu. Pascaline alikataa kuanza kula mpaka mama yake ameze tonge la kwanza mbele ya macho yake. Feza hakuanguka tena wodini. Miezi miwili baadaye alipokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe, Masera amesimama pembeni bila kugusa kitu.

Mwaka uliofuata waliingia wanafunzi wapya. Mmoja wao, Anastasie wa Lusangi, alikuwa mwanamke mzima kama Feza, na mtoto mgongoni. Jumamosi ya kwanza Placide alimmiminia kipimo kimoja. Anastasie alishukuru kwa kuinama, akanyoosha mkono kuchukua kikapu chake.

Mkono mwingine ulikuwa umeshakishika kwa nguvu. Ulikuwa wa Feza.

"Usikiondoe, dada," alisema. "Kwanza mwombe nakala ya karatasi yako. Halafu uigeuze nyuma."

Placide alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akafungua droo na kuanza kuitafuta.