Uso wa Placidia Ulipovimba

Kila asubuhi Placidia alifagia ua, akawapa mbuzi maganda ya ndizi, kisha akanawa uso na kwenda shule. Siku hiyo alipojitazama katika kipande cha kioo alicheka peke yake. Macho yalikuwa yamefumba nusu na mashavu yametuna.

"Jamani, Placidia umenona!" jirani yao Mama Rwegasira alimsifu kutoka migombani. "Mukashema, unamlisha nini huyu binti?"

Mukashema, mama yake Placidia, alitabasamu kwa fahari. Hapa Nyaishozi, nani asiyefurahi mwanawe akisifiwa kunenepa? Hakuna aliyekumbuka vidonda vya upele vilivyomjaa miguuni wiki chache nyuma, maana mwaka ule wa 1983 sabuni ilitafutwa kwa tochi.

Lakini Placidia alikuwa na siri. Mkojo wake ulikuwa kidogo sana, tena wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Alikuwa akidokoa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mama aliwawekea wageni watafune. "Ni kahawa tu inatoka," alijiambia. "Nikisema, nitachapwa."

Baadaye miguu nayo ikavimba. Mama alipoibonyeza, alama ya kidole ilibaki kama shimo kwenye udongo. Alishtuka, akamshika binti yake mkono, wakaenda zahanati.

"Shikamoo, daktari," Placidia alisalimia.

"Marahaba, mwanangu," Daktari Othman alijibu, akimtazama macho. "Hebu niambie, mkojo wako una rangi gani?"

"Wa kawaida tu."

Daktari hakubishana naye. Alimpa kichupa, akamwelekeza chooni. Placidia aliporudi nacho, mama alipiga ukelele, "Mungu wangu, hii ni nini?" Hapo mtoto akaangua kilio, akasema yote, buni na uoga wake.

"Buni hazina kosa," alisema daktari. "Sogeeni mwone."

Alimimina mkojo kwenye kijibomba cha kioo, akachemsha sehemu ya juu kwenye moto wa taa ya spiriti. Lo! Juu pakaanza kuwa peupe, pakaganda kama ute wa yai linaloiva. Akadondosha dawa ya kuhakikisha, weupe haukuondoka. Placidia alisahau kulia. Mdomo ulibaki wazi.

"Hiyo ni protini," daktari alieleza. "Ni mali ya damu yako, haikupaswa kutoka. Na rangi hii ni damu yenyewe. Mama, ukichuja juisi ya ndizi kwa majani, majani yakivurugika si makapi yanapita?"

"Yanapita, daktari."

"Basi mgongoni tuna figo mbili, kila moja kama ngumi ya mwenyewe. Zinachuja damu yetu yote, hata tukiwa tumelala. Vijidudu vya vidonda vilivyoacha makovu haya miguuni ndivyo vilivyoanzisha ugonjwa uliovuruga chujio hilo. Mngezidi kukaa nyumbani, figo zingeweza kushindwa kabisa, nasi tungempoteza."

Placidia alipeleka mkono mgongoni polepole. Kumbe miaka yote hiyo kulikuwa na kazi kubwa namna ile ndani yake, na hakuwahi hata kuihisi!

Daktari alimpima presha, akamchoma sindano. Akaagiza apumzike, chakula chake kisitiwe chumvi, na maji anywe kwa kipimo. Uvimbe ulipungua taratibu, mkojo ukarudi rangi yake. Waliporudi zahanati, daktari alichemsha tena, na safari hii hakikuganda kitu.

"Mwili wako ulitoa habari mapema," alimwambia. "Uso kuvimba asubuhi, mkojo mchache wenye rangi ya chai. Habari kama hizo hupelekwa kwa mkubwa siku hiyohiyo. Na vidonda vitibiwe vikiwa vidogo."

Njiani kurudi nyumbani Placidia bado alisubiri kugombezwa kwa ile siri. Mama alisimama, akamgeuza amtazame.

"Ukikosea nitakugombeza, utalia, na yataisha," alisema. "Ukinificha ugonjwa, mwanangu, nitalia mimi, na hayo hayataisha."