Ovaroli ya Mama Kijacho

Lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili, imejaa wanunuzi wenye mifuko na jasho. Katikati yao alisimama fundi cherehani, kijana mtanashati, amenyanyua gauni la harusi juu ya vichwa vya watu lisikunjamane. Mlango ulipofunguliwa kutoka nje, alimwona mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu na grisi shavuni.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

"Unamtazama. Nipe huyo bibi harusi wako nimshushe kwanza."

"Kwa mikono hiyo?"

"Basi kaa naye humo."

Lifti nzima iliangua kicheko. Mwaka haukuisha, wakaoana, na nyumbani kila mmoja akamwita mwenzake Fundi.

Mimba ilipoingia, jina likabadilika. Sasa ikawa mama kijacho njoo, mama kijacho keti. Mume akamshonea magauni mapana ya maua, moja baada ya jingine, ingawa mkewe alikuwa akihangaika na ovaroli iliyogoma kufungika. Daktari alisema anaweza kufanya kazi mradi asibebe vizito, na msaidizi wake kazini alikubali kubeba. Mambo yalikuwa yamepangwa.

Asubuhi moja alifika kazini akakuta sanduku lake la zana limepewa mtu mwingine. Bosi akamwonyesha meza ya kupokea simu.

"Mumeo alinipigia. Anataka upumzike. Una bahati, mama, mwanaume anakupenda."

Kupenda gani huko kwa kumpangia mtu kazi nyuma ya mgongo wake? Jioni hakurudi kwake, alikwenda kwa dada yake. Simu ikaanza kuita.

"Mpenzi, rudi. Nilifanya kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana mama. Ungemuuliza."

"Lile shimo la lifti! Nikilifikiria tu, tumbo linaniuma."

"Mimba niibebe mimi, tumbo likuume wewe?" Akakata.

Wiki nzima alimfuata bosi, akamweleza alichosema daktari, na wiki nzima bosi akamjibu, "Tutaona, mama." Kisha mume akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Fundi! Nimeongea na bosi wako, kakubali! Kesho unarudi kwenye zana zako."

Mke aliisogeza simu mbali na sikio.

"Hufurahi?"

"Mimi nimesema hadi koo limekauka. Wewe umesema mara moja tu. Unanitoa, unanirudisha, kama sanduku."

Kulipokucha mume alimtumia ujumbe kumwomba apite dukani kwake kabla ya kazi, kama hatojali.

Mke alipita, amenuna. Juu ya meza ya kukatia ililala ovaroli mpya ya kijivu, imetiwa lastiki ubavuni.

"Nimekisia tu," mume alisema, pini mdomoni. "Ukiikataa, naifumua."

Kabla hajajibiwa, simu yake iliita. Alikuwa mama yake, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, aliiweka kwenye spika.

"Mwanangu, mkeo keshatulia nyumbani?"

"Anakwenda kazini, mama."

"Na mjukuu wangu atalelewa na nani?"

Mume alimtazama mkewe. "Na mimi, hapa hapa dukani. Cherehani yangu haipandi ghorofa."

"Wewe, mwanaume mzima, ufunge nepi?"

"Mama, kazi yangu ni vitambaa."

Simu ilikatwa upande wa pili.

"Hilo ulilipanga," mke aliuliza, "au limekutoka sasa hivi?"

"Limenitoka sasa hivi. Lakini nitalisimamia."

Mke alitaka kuendelea kununa, kicheko kikamponyoka. "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

Aliivaa ovaroli juu ya gauni la maua. Ilifunga, ila kiunoni ilibana kidogo. Mume akauchukua utepe wa kupimia, akapiga hatua, kisha akasimama.

"Fundi," alisema taratibu, "naomba nikupime?"

Mke akainua mikono.