Aliyemwitikia Demetria

Wilbert wa Kinondoni, karani wa enzi za Mwingereza, alikuwa na ugonjwa mmoja: ndege. Wenziwe Jumamosi wanakwenda dansini, yeye anatafuta viota. Tena alikuwa fundi wa kuwaigiza. Akilia kama njiwa, njiwa anamjibu. Watu walimcheka, mkewe Demetria akamtetea: "Bora ndege kuliko pombe."

Siku hiyo walidandia lori la mbata za nazi alfajiri, wao na jirani yao Shomari, mzaliwa wa Tegeta. Asubuhi wakashinda ufukweni Mbweni, wakitazama vindege wa pwani wakikimbizana na mawimbi. Demetria alivua viatu, akala muhogo wa kuchoma, akacheka sana. Mchana wakapanda vilima vya nyuma ya Tegeta kumtafuta hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa.

Walipoufikia msitu, jua limeshainama, Shomari akasimama. "Humu ukiitwa, na anayekuita humwoni, usiitike." Wilbert akaguna. Msomi mzima, atishwe na hadithi za mabibi?

Shomari akatangulia. Demetria alikuwa anakaza khanga yake, sauti ikatoka juu ya miti, nyembamba, kama mama anayemwita mwanawe aje kula.

"Demetriaa."

Demetria akanyamaza, kama alivyoambiwa. Wilbert, kwa utani tu, kwa mazoea yake ya kujibu kila kinacholia, akaiga sauti ya mkewe.

"Abee."

Msitu mzima ukanyamaza. Hata nzi.

Shomari akarudi mbio. "Nani kaitika?" akanong'ona. "Semeni. Aliyeitika akikiri hapahapa kabla jua halijazama, yanakwisha."

Wilbert aliona haya. Haya tu, jamani. "Hakuna," akasema.

Demetria akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akamvuta mumewe mkono, akamvuta tena. Wilbert akatazama kando, na jua likazama.

Nyumbani Demetria hakusema neno, hakulala kitandani. Alichutama pembeni ya chumba, macho juu. Siku chache baadaye Wilbert alirudi kutoka kazini, akakuta mlango wa chumba umezibwa kwa udongo mbichi. Umezibwa kutokea ndani. Umeachwa ufa wa kupitisha vidole. Hondohondo jike hujifungia hivyo kwenye tundu la mti akitaka kutaga, na dume humlisha kwa nje. Wilbert alilijua hilo vizuri mno.

Akapiga magoti kwenye ule ufa. "Ni mie niliyeitika, mke wangu. Nilijua, nikanyamaza."

Akatega sikio kwenye ufa, kisha akaenda kumwita jirani.

Shomari akaja na shoka, wakabomoa. Chumbani hamna mtu. Dirisha limefungwa kwa ndani. Khanga iko sakafuni, imekunjwa.

Wilbert aliuziba tena ule mlango kwa mikono yake, akaacha ufa uleule. Majirani wakasema kaingiwa na wazimu, naye hakuwabishia. Kila jioni alipitisha zambarau, moja moja, akiomba radhi.

Na kila asubuhi alizikuta kokwa nje, chini ya ufa, zimenyonywa safi, bado zina mate.