Siku Wachuka Alipoikataa Kahawa ya Mama

"Hii siwezi kupokea, Mama Theuri. Rudi pembeni uichambue kwanza."

Foleni nzima ya kiwanda cha kahawa, hapo karibu na Gakindu, iligeuka kututazama. Mama Theuri ni mama yangu mzazi. Aliyemrudisha ni Wachuka, karani wa kupokea kahawa, msichana ambaye wazee wetu walikuwa waende kwao Jumamosi hiyo kupeleka ruracio, yaani mahari. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, na mimi, niliyekuja likizo kutoka kazini hotelini, nimesimama hapo na debe mkononi kama mjinga.

"Ati nini?" Mama aliuliza.

"Iko na mbichi mingi, maitu. Tafadhali," Wachuka alisema, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Unanirudisha mbele ya watu? Wewe?"

Mama alibeba kikapu chake akaenda zake. Nilipomfuata nyumbani aliniambia neno moja tu: wazee hawaendi popote. Nikarudi kiwandani mbio, damu imenipanda.

"Si ungefumba macho tu, Wachuka? Mara moja!"

"Theuri, kahawa ya watu wote inalala kwa tangi moja. Mbichi ya mamako itaharibu ya jirani Kahiga, iharibu na ya Watiri."

"Kikapu kimoja?"

"Wewe unawamiminia wageni kahawa kila siku huko hoteli Nyeri. Wanasema nini?"

"Wanasema hawajakunywa kama hii. Kuna mmoja aliuliza kama tumetia matunda."

"Sasa, unafikiri hiyo utamu inatoka wapi? Udongo mwekundu na baridi ya mlima ni ya Mungu. Yetu ni kuchuma iliyoiva peke yake, kuiosha, na kuigeuza kwa jua mpaka mikono iume. Hiyo tu."

"Na mimi je?"

Machozi yalimlengalenga. "Wewe nakupenda. Lakini nikipokea ya mama mkwe, kesho nitamkatalia nani?"

Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli.

Asubuhi nilienda shambani na Mama, nia yangu nimbembeleze. Alikuwa anachuma upesi kama kawaida yake. Nikatazama kikapuni: kijani nyingi zimechanganyika na nyekundu, na nyekundu nyingine zimebaki mtini. Nikajua ni ukaidi.

"Mama, unafanya makusudi?"

"Kufanya nini?"

"Hii ni mbichi!"

Alichukua punje akaisogeza mpaka karibu iguse pua.

"Ni mbichi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kisha akaketi chini. "Tangu mvua ndefu naona ukungu tu. Nyekundu, kijani, yote ni moja."

"Mbona hukusema?"

"Nani atatoa binti yake akuje kuongoza kipofu? Nilitaka uoe kwanza. Jana ni aibu tu ilinisemesha. Na usimwambie huyo msichana!"

Nililia, sioni aibu kusema. Halafu nikaenda kumwambia huyo msichana kabla ya chai ya saa nne.

Wachuka alipofunga kiwanda alipanda kwetu na gambuti zake za kazi. Hakumpa Mama pole. Alimwekea punje mbili kiganjani.

"Bonyeza hii, maitu."

"Ngumu."

"Hiyo wacha kwa mti. Na hii?"

"Inabonyea."

"Hiyo ndiyo imeiva. Hata mimi giza ikiingia natumia vidole."

Mama alichuma polepole, midomo imekazwa, mpaka chini ya kikapu pakafunikwa. Wachuka alizimwaga juu ya gunia akazipitia moja moja. Hatimaye akatoa punje moja akaiweka kando.

"Moja tu ndiyo mbichi."

"Na bado umeiona!" Mama aliangua kicheko. "Huyu hawezi kunionea huruma hata kidogo!"

"Siwezi, maitu. Lakini Jumatatu twende wote hospitali Nyeri waangalie hayo macho."

Mama alipapasa hewani mpaka akaushika mkono wa Wachuka.

"Theuri, kimbia kwa wazee. Waambie Jumamosi iko pale pale. Waambie pia wakifika kwao waseme mama ya kijana haoni vizuri. Waseme kwanza, kabla ya kukaa. Sitaki kuficha tena."

"Na wakwe wakikataa?" niliuliza.

Wachuka ndiye aliyejibu, hata hajauachia mkono wa Mama.

"Baba amejua. Nilimwambia nikija huku. Ameuliza tu kama mtakuja mapema."