Mikono Iliyoshona Tabaga

Kila akitoka shule, Nusura alivua sare, akala muhogo wake upesi, kisha akaketi barazani kwao Old Kampala kushona tabaga. Tabaga ni kawa la ukindu wa rangi la kufunikia chakula, na hakuna nyumba ya Wanubi isiyo nalo. Hili lilikuwa la harusi ya dada yake, Faridah. Bibi yao, Haboba Halimah, alikuwa ametamka mbele ya watu, "Safari hii sinia la wageni litafunikwa kwa kazi ya Nusura, si yangu."

Shida ilikuwa ngozi. Nusura alikuwa na ngozi kavu mno tangu utotoni, na ule ukindu wa kulowekwa majini ulimzidishia. Vidole vilichanika. Kwa kuogopa kuchafua kazi, aliviosha kila mara kwa sabuni kali ya kufulia. Sabuni nyingine haikuonekana madukani mwaka ule wa uhaba, wala mafuta ya kujipaka.

"Ebu tazama, mikono ya mamba!" Faridah alicheka. "Siku ya harusi usinishike, utanichania gauni."

"Basi jishonee mwenyewe!"

Faridah akamwonea huruma, akamletea krimu yake ya magendo iliyonukia waridi. Nusura alijipaka, akaruka.

"Uwi! Inachoma kama pilipili!"

Alipokung'uta mkono, tone la damu liliangukia ukindu mweupe. Akamkimbilia bibi yake akilia.

"Haboba, nimeliharibu. Weka tu lile lako."

"Langu limezeeka. Lete mikono." Haboba aliinusa. "Krimu hii uliipaka wakati gani baada ya kunawa?"

"Mikono ilipokauka kabisa."

"Ulichelewa. Na manukato ni ya nguo, mjukuu wangu. Ngozi iliyochanika haiyataki."

Haboba alimnawisha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, akamfuta kwa kumgusagusa tu. Ngozi ikiwa bado na unyevu, akampaka mafuta ya yaa, yanayokamuliwa kokwa za mti wa porini, mazito kama samli, ambayo jirani yao Aloyo huyaleta kutoka Gulu.

"Yananuka moshi!" Nusura alikunja pua.

"Yanuke. Yatafungia maji ndani ya ngozi. Subiri yaingie, ndipo ushike ukindu."

Nusura alifanya hivyo kila aliponawa, hata alipochoka. Nyufa zikafunga polepole. Akaufumua mstari wenye damu, akaushona upya.

Siku ya harusi, mzee mmoja wa kike aliligeuza lile tabaga, akatafuta kosa, asilione. "Halimah, macho yako bado makali hivi?"

"Si kazi yangu." Haboba aliunyanyua mkono wa Nusura, laini, unang'aa, wageni wote wauone. "Ni ya mikono hii. Aliitunza kwanza, nayo ikamfanyia kazi. Watoto, mmesikia? Mwili unaokufanyia kazi, nawe ufanyie kazi kila siku."

Faridah, katika gauni lake la harusi, akaushika mkono ule na hakuuachia.