Kiu ya Shaba Nyekundu

Asubuhi ile Milimita alipoweka kiganja juu ya boila, alilikuta na uvuguvugu, kama chupa ya mtoto iliyoachwa mezani muda si mrefu. Akadhani ni jua. Akageuka kutazama dirisha: pazia lilikuwa limefungwa, na jua lenyewe lilikuwa bado halijafika upande ule wa nyumba. Tena boila lile halikuwa limewashwa moto hata mara moja. Alikuwa amelimaliza siku tatu tu zilizopita.

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana ya reli, na walimwita Milimita kwa sababu hata mkate hakuukata kabla ya kuupima. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na mazoea ya kuwachekesha wateja wake kwamba siku ya kwanza kuonana, bwana huyu alimtazama kama mtu anayetafuta rula. Alipostaafu alihamishia mashine yake ndogo ya kukereza kwenye chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, akafunga jiliwa la kubania vyuma kwenye meza, akazipanga tupa zake za kusugulia chuma kuanzia kubwa hadi ndogo, na akaanza kuunda kichwa cha treni ya mvuke. Kilikuwa mfano wa kile alichokihudumia ujanani, kidogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya kulia, lakini kila kitu chake kilikuwa cha kweli: pistoni, magurudumu, mlango wa tanuri uliofunguka kwa ncha ya kidole, na ribiti mia sita za kushikiza mabamba, ambazo kila moja aliichonga mwenyewe. Huo ulikuwa mwaka wa tano.

Kilichomkwamisha muda mrefu ni boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Lilitaka shaba nyekundu nene, na shaba ya namna hiyo ilikuwa adimu. Mpaka muuza vyuma chakavu alipomwita, akamwonyesha bamba moja lililong'olewa kwenye tanuri la kichwa cha treni cha zamani, jeusi tii upande mmoja. Muuza vyuma huyo alikuwa mtu wa kung'ang'ania hata msumari uliopinda. Lakini bamba lile alilibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa Milimita, akalilaza chini, akakataa kiti, akaondoka.

Habari ya uvuguvugu Milimita hakumwambia mtu. Mkewe naye alikuwa na lake la kumshangaza. Bomba lao lilitoa maji alfajiri tu, kwa hiyo kila siku alijaza ndoo mbili kubwa za jikoni. Siku ile, kabla ya saa sita, moja ilikuwa tupu, na sakafu ilikuwa kavu. Kesho yake akakuta zote mbili zimekwisha. Siku ya tatu alivizia. Alimwona mumewe amesimama mbele ya ndoo, macho yamefumba, anakunywa kwa jagi, jagi baada ya jagi, bila kupumua katikati. Alipomuuliza, alijibu kwamba ni vumbi la chuma, linakausha koo. Mama wa watu akarudi kwenye cherehani yake. Lakini siku nzima alimwangalia kwa jicho la pembeni, na mpaka jua linazama mumewe hakuwa ameingia chooni hata mara moja.

Ikafuata harufu. Nyumba ile walipikia gesi, na jirani zao pia, lakini chumba cha kushonea kilianza kunuka makaa ya mawe, harufu nzito yenye ukali wa kiberiti. Mkewe alikuwa anashona gauni jeupe la bibi harusi. Akaona kidoa cheusi begani mwa gauni, akakipangusa, kikatanuka. Kilikuwa masizi ya mafuta. Alipotazama dari akaona masizi yanaanguka taratibu kutoka mahali pasipo na tundu.

Kisha mchana mmoja, saa nane, wakiwa wamekaa mezani wawili, mtaa umetulia na sahani bado hazijaondolewa, walisikia kitu kikipumua katika chumba cha nyuma. Pumzi moja ndefu. Kimya. Pumzi nyingine, fupi kidogo, halafu nyingine, fupi zaidi, kama mtambo mzito unaojikokota kuondoka stesheni. Mama akamgeukia mumewe amwambie asiende huko, akaona kifua cha mumewe kinapanda na kushuka kwa mapigo yale yale, hatua kwa hatua na kile kilichokuwa ng'ambo ya ukuta, na jasho halimtoki, na machozi yanamtiririka bila sauti.

"Sijiendeshi mimi," Milimita alimwambia kwa kunong'ona. "Mke wangu, siyo mimi ninayepumua."

Binti yao alikuwa muuguzi. Alifika jioni ile ile, akampima baba yake joto, akakikung'uta kipimo, akampima tena. Akasema kipimo kimeharibika, maana mtu mwenye joto la namna ile asingekuwa anaongea. Wakampeleka hospitali. Vipimo vyote vikatoka safi. Wakamtundikia maji, chupa ikaisha kabla muuguzi wa zamu hajamaliza kuandika, wakatundika nyingine. Siku ya tatu kitanda kikakutwa kitupu. Walimkuta nyumbani, katika nguo za wagonjwa, anapiga tupa kwenye jiliwa, viganja vimechubuka mpaka nyama inaonekana, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Binti akamshika mkono kumwondoa, akaungua vidole. Na baba yake akamgeukia, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, nene, kama inatokea ndani ya pipa.

"Mwache mwenye kazi amalize. Nimekaa mkavu miaka mingi."

Binti hakulia mpaka alipofika nje. Kisha alijifuta uso, akaenda moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu aliyewaletea bamba lile na kumwambia hatoki pale mpaka aambiwe ukweli. Yule bwana alikiri kwamba Milimita hakuwa wa kwanza kulichukua bamba lile. Wa kwanza alilirudisha mwenyewe. Wa pili walilirudisha nduguze, baada ya kumzika. Wazee wa reli walimwambia kwamba katika tanuri lile lilikaa jini la moto, likashiba kwa miaka yote makaa yalipochochewa. Treni za mvuke zilipokomeshwa, moto ulizimwa na lenyewe likabaki ndani ya shaba, likingoja mwili wa kulinywea maji. Aliomba radhi. Binti alimwacha akiomba.

Aliyewasaidia waliletewa na mmoja wa wateja wa cherehani. Watu walimwita Bibi wa Pasi, kwa kuwa maisha yake yote aliishi kwa kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa, na walijua pia kwamba huketi na wenye majini kuwatibu. Alikuja mchana kweupe, amevaa aproni yake ya kazi, hakubeba hata mfuko. Aliingia chumba cha nyuma, akamtazama Milimita aliyekuwa amejikunja sakafuni, akakitazama kile kichwa cha treni. Akalamba kidole na kuligusa boila kwa haraka, kama anavyojaribu pasi. Likatoa *chss*.

"Yumo," alisema.

Akawaeleza kwa ufupi. Roho ya mzee imefungwa kwenye shaba ile, ribiti kwa ribiti, kwa sababu aliipiga kwa mikono yake na kwa mapenzi. Boila likatwe vipande viwili, leo, kwa msumeno, na akate mtu anayempenda, maana mgeni akikata, mzee na jini watakwenda pamoja. Atakachosikia asikisikilize. Na jambo moja zaidi, akalirudia mara mbili: jini litaomba kitu cha kuondoka nacho, na yeyote asiliahidi chochote. Kujibu ni kazi yake yeye Bibi.

Binti alitaka kuushika msumeno. Mama yake akamtangulia. Walilibana boila kwenye jiliwa, kichwa cha treni kilichobaki kikawekwa kando, Bibi wa Pasi akapiga magoti na kukiweka kichwa cha Milimita mapajani mwake, na yule mama ambaye maisha yake yote alikata vitambaa tu akaweka meno ya msumeno juu ya shaba na kusukuma. Milimita alipiga ukelele na mgongo wake ukapinda kama upinde. Mama akasukuma tena. Mstari mwembamba ukatokea kwenye shaba, na mstari mwekundu ukatokea kifuani kwa mumewe, juu ya chuchu, ukirefuka kila msumeno ulipokwenda, na masizi yakaanza kuanguka kutoka darini mazito kama mvua, na pumzi ile ikaanza tena, sasa ya kasi, ya kasi mno, vioo vikatetemeka, tupa zikaruka kwenye meza moja moja, joto likapanda mpaka mpini wa msumeno ukaanza kunuka, na katikati ya yote hayo akasikia sauti ya mumewe, siyo ile ya kwenye pipa, bali yake halisi, ile ya kumwomba chumvi mezani, ikimwambia, "Mke wangu, unaniua. Tafadhali. Unanikata mimi."

Mkono wake ukasimama.

"Usimsikilize," Bibi alisema.

"Ni yeye."

"Najua ni yeye. Kata."

Akakata. Alikata huku analia, huku anamwomba msamaha, hatazami kifua kile, na msumeno ulipofika nusu ukagoma, ukanasa kama umeshikwa na meno kutoka ndani. Ndipo ile sauti nene ilipozungumza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeaga.

"Nitatoka. Lakini sitoki mikono mitupu."

Bibi wa Pasi alikuwa anafungua kinywa kujibu. Hakuwahi.

"Chukua unachotaka," mama alisema. "Chochote. Niachie yeye tu."

Bibi alifumba macho. Msumeno ukalegea, ukapita shaba yote kama unapita sabuni, na boila likaanguka vipande viwili sakafuni. Ndani mlikuwa mkavu, mweupe kwa majivu. Upepo wa moto ukatoka mlangoni, ukaangusha pazia, na nyumba ikawa kimya. Kifuani mwa Milimita mstari ukabaki wa rangi ya waridi, bila tone la damu. Akafumbua macho, akaomba maji. Akapewa bilauri, akanywa nusu, akairudisha.

Walikumbatiana pale pale kwenye masizi, mama, baba na binti. Bibi wa Pasi hakukaa. Mlangoni alimshika mama bega, kisha akaenda zake.

Mwezi ukapita. Milimita alinenepa, akawa anakula na kwenda chooni kama watu wote, akamjua mkewe, akamjua binti yake, akakumbuka mpaka rangi ya gauni alilovaa mkewe siku waliyooana. Vifungo vya shati alifungiwa, na kifuniko cha chupa kilimshinda kufungua, lakini binti alisema ni udhaifu wa ugonjwa, utakwisha. Asubuhi moja mama aliona sasa wakati umefika. Alikuwa amekifagia chumba cha nyuma, amepaka mashine mafuta, amezipanga tupa kuanzia kubwa hadi ndogo. Akamshika mumewe mkono, akamwingiza.

Milimita alisimama katikati ya chumba akitazama huku na huku kwa adabu, kama mgeni. Aliokota tupa moja, akaishika upande wa meno, ikamkwaruza, akairudisha mezani taratibu. Akalizungusha gurudumu la mashine ya kukereza kwa kidole, akaona linazunguka, akatabasamu.

"Mashine za nani hizi?" aliuliza.

Mama aliichukua ile tupa, akairudisha kwenye safu yake.

"Za fundi mmoja," alisema. "Alihama."

Milimita akainama karibu na kile kichwa cha treni kisicho na boila, akazitazama ribiti, safu kwa safu, zote sawasawa.

"Bwana huyo," alisema, "alikuwa anaijua kazi yake."