Bukari ya Antenne

Vuta kiti, ikala chini. Hii mambo haisikilizwake na muntu yenye kusimama, juu miguu ikiisha nguvu ataanguka mubaya. Ikala, sikia.

Kule Naviundu, karibu na muto, kulikuwa bwana moja jina yake Israël, anatengenezaka maradio na matelefone pale pale ku nyumba. Asubui moja aliita mutoto wake:

— Kiki! Kuya ukunywe chai!

Kiki alikuwa ameikala pa mulango, anavaa kiatu. Akageuka, akafungua kinywa. Na sauti yake ikatokea mu radio.

— Iyo, minakuya.

Ile radio ilikuwa pa meza, haina pile ya kuipa nguvu, haina courant ya umeme, mugongo wazi, matumbo yote inje.

Gaëlle, bibi ya Israël, mama ya Kiki, akaangusha kikombe.

— Papa Kiki, umesikia?

— Ni écho tu, Israël akajibu, sauti yenye kugonga ukuta na kurudia.

Écho! Na weye unajua, écho haisemake mbele muntu mwenyewe aseme. Kiki alikuwa bado na kinywa wazi, anatafuta neno yake sawa muntu anatafuta kiatu chini ya kitanda.

Sasa nikuambie hii mambo ilianzia wapi: ku antenne yenye Israël alikuwa ametengeneza. Israël alikuwa anataka kusikia phonie, ile radio yenye bachuuzi ba Mokambo banasemeshanaka nayo fasi kwenye réseau ya telefone haifike. Akapigilia mbao mbili sawa musalaba, mukubwa kama mulango, akasimamisha mu lupango, pa inje ya nyumba. Akazungusha fil ya mukuba, waya ya shaba, pale juu, duara juu ya duara. Ndani akatia kaduara kengine kadogo. Chini, kwenye bichwa bibili bya fil binaangaliana bila kugusana, akaacha nafasi. Asema ile nafasi njo kinywa.

Mama yake Clotilde, mama ya Kasai, muntu ya kanisa kabisa, alikuwa anapepeta muchele pembeni. Akamuuliza:

— Mwanangu, hii kintu inafanya kazi gani?

— Inasikia bantu ba mbali, mama.

— Ba mbali gani?

— Benye hatuone na macho.

— Na ju ya nini iko kimya?

— Ju sijailisha muzuri. Antenne balishaka pa kinywa, mama. Usipoilisha, haisikie kintu. Kale kadogo njo kanalishaka mukubwa.

— Eh! Mutoto analisha mama yake? Dunia yenu imegeuka!

Bakacheka bote. Israël alikuwa anasema mambo ya courant na fil. Clotilde alisikia mambo ingine.

Juu huyu mama alikuwa na kitinda mimba, Elisée, creuseur, muchimbaji ya mukuba. Mvua ilimukuta ndani ya shimo, udongo ukajifunga. Mwili habakuupata. Balilia matanga na photo juu ya kiti. Kisha pale, pastère akamukataza: mama, usiite bafu, bantu benye kufa, ni zambi. Clotilde akatii. Lakini roho ya mama inatii paka ku mudomo tu, chini inaendelea kuita.

Basi kila midi, saa sita ya muchana, Israël akienda soko na Gaëlle akienda kuchota mayi, mama anakamata sahani, bukari ya moto, ile ugali yetu, na fretins, tusamaki tudogo tukavu, anaweka chini ya kinywa ya antenne. Anapiga magoti. Hasemi kintu. Hata jina hasemi, juu pastère alikataza. Akirudi, sahani iko mweupe sawa imelambwa na mbwa. Na ku lupango yao hakuna mbwa.

Ile harufu ilianza pale. Udongo mubichi ya chini kabisa. Mukuba yenye kuungua. Na kintu ingine katikati, pumuzi ya muntu yenye hajakula tangu zamani na anakusemesha karibu na uso. Gaëlle alisukula nyumba na javel, dawa ya kuua harufu, akafungua madirisha. Harufu ilikuwa inaingia na upepo, inatoka bila upepo.

Kisha ile asubui ya chai, kila siku radio ilikuwa inapata neno mupya, na kila siku Kiki alikuwa anapoteza ile ile. Radio ikisema "mayi", Kiki akisikia kiu alikuwa anaonyesha dumu na kidole, analia. Radio ikisema "kambo", vile alikuwa anaita mama ya baba yake, mutoto anapita mbele ya Clotilde sawa anapita mbele ya ukuta. Na alikuwa anakula, weh! Anamaliza ya kwake, anamaliza ya baba, na mbavu inazidi kutoka inje.

Mangaribi moja mvua inapiga ku mabati, Israël akakuta mama yake inje, chini ya mabati, amekumbatia ile radio yenye haina pile, machozi inamwangika.

— Sikia, mwanangu. Sikia mudogo wako.

Mu radio, chini chini:

— Mama. Njala.

— Ni Elisée, Clotilde alinong'ona. Ananiita. Nilifanya vile ulisema. Nililisha.

— Ulilisha nini, mama?

— Antenne. Na bukari. Si weye mwenyewe ulisema?

Israël akaikala chini pale pale mu matope. Hakuweza hata kumukaripia. Ni yeye alisema, kweli.

Siku yenye kufuata bakaita papa Mwaba, munganga ya kule Annexe, mulimaji wa mihogo, akafika anakanyanga vélo yake muchana kweupe. Hakuuliza mambo ya radio. Akazunguka antenne, akanusa, akaangalia Kiki mu kitanda. Mutoto alikuwa amebakia paka na neno moja tu mu kinywa: "papa". Mayi ni papa, njala ni papa, buchungu ni papa.

— Mama, Mwaba akauliza Clotilde, ile chakula uliweka kwa jina ya nani?

— Sikusema jina, papa. Pastère alikataza.

Muzee akafunga macho.

— Mama weee. Kwetu, hata ukiangusha kipande ya bukari kidogo chini, unaita jina. Jina njo mulango, jina njo kufuli. Sahani yenye haina jina ni ya kila mwenye njala. Na mu hii inchi ya mashimo, unazani benye njala ni bangapi?

— Basi si Elisée?

— Labda Elisée alifika. Labda alikuta meza imejaa, bakubwa bakamusukuma.

Clotilde hakulia. Alitoa sauti moja tu, sawa mulango wa zamani.

— Ni jini? Gaëlle akauliza.

— Ninyi ba mu ville munasema jini. Shiye tunasema muzimu yenye haina kwabo. Mukiacha kuilisha bukari, itaendelea kukula yenye ilishaanza.

Akamwanga bunga mweupe chini ya kinywa ya antenne, akageuza sahani juu chini, akagonga na kidole.

— Weye yenye kukula hapa. Sema jina yako, tukuite muzuri, tukusindikize.

Upepo haukuwa. Hata jani moja ya muhogo haikutikisika. Lakini fil yote ikaanza kulia zzzz, duara juu ya duara, na ile sahani ikatembea yenyewe chini, kidogo kidogo, mupaka pa miguu ya Mwaba.

— Kiki, fil ikajibu.

— Hapana. Ile ni ya mutoto. Yako!

— Yangu ilioza mu shimo. Hii nilipewa hapa: baliita Kiki ku chai, mimi nikaitika. Kiki, mutoto ya Israël na Gaëlle, mujukuu ya Clotilde yenye kupika muzuri.

Na ikacheka. Kicheko ya Kiki, ile ile, yenye alikuwa anacheka zamani akipigwa tiki-tiki ku mbavu na baba yake.

Mwaba akarudi nyuma, akamushika Israël ku mukono, akamusemesha mu sikio:

— Kamata pince yako, ile koleo ya kukata fil. Kata pale pa kinywa. Lakini sikia muzuri. Ile neno "papa", kama iko bado mu mutoto, kata, muzimu itaenda peke yake. Kama ilishaingia mu fil, mutoto wako muzima iko kule ndani. Ukikata, umemukata yeye.

— Na nisipokata?

— Mangaribi haitafika, itakuwa imekula ile neno ya mwisho, na mutoto pamoja nayo.

Gaëlle akakimbia mu nyumba, akamubeba Kiki ku kifua. Israël akapiga magoti mbele ya ile musalaba ya mbao yenye alipigilia na mikono yake, akafungua pince, akaikaribisha ku fil, na fil ilikuwa ya moto sawa shingo ya mutoto mwenye homa, inapiga puu, puu, puu, na harufu ya shimo ikapanda ikamujaa mu pua na mu kinywa mupaka akaonja udongo ku ulimi, na nyuma yake Clotilde alikuwa sasa anaita kwa sauti yenye pastère angesikia mupaka kanisani, Elisée, Elisée, Elisée mwanangu, achia mutoto, na jua ilikuwa inateremuka, na Mwaba alikuwa anapiga kelele asema kata ao acha, lakini sasa, sasa, na pale pale, karibu kabisa na uso yake, pa ile nafasi ya bichwa bibili bya fil, sauti ndogo, ya kulia, ikasema:

— Papa.

Na mara moja na ile, kutoka mu nyumba, Gaëlle akapasua koo:

— Ameita! Papa Kiki, ameita! Amesema papa, nimesikia mu kinywa yake! Kata!

Meno ya pince ilishashika fil. Neno moja, fasi mbili, na mama ya mutoto angesikia ile yenye anataka kusikia hata mu jiwe.

Weye mwenyewe yenye kuikala pale ku kiti, sema: ungekata?